Tupeane uzoefu: bildi inayopita umeme ukikatika

Kibatari (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa visa vya bildi (kugeuza msimbo kuwa programu) zinazofeli ovyo: leo inakataa, kesho inapita, na hakuna aliyegusa hata mstari mmoja. Naanza na changu, kilichonitia aibu wiki nzima.

Programu ni ya C, mafaili kama arobaini. Nikiwa nimechomeka chaja, make -j8 (amri ya kubildi kazi nane kwa pamoja) kwenye folda safi ilifeli karibu mara moja katika kila mara tatu. Umeme ukikatika nikabaki na betri, inapita. Umeme ukirudi, inafeli. Nikanunua chaja mpya. Chekeni tu, elfu thelathini na tano ikaenda.

Logi inasema jedwali.h (faili ambalo msimbo unaliitisha) haipo. Naangalia folda, jedwali.h ipo, inanitazama. Narudia make, inapita hadi mwisho. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka, na sikushtuka.

Jedwali.h haikuandikwa kwa mkono. Kuna skripti ya Python inayosoma CSV na kuitengeneza wakati wa bildi. Aliyeandika Makefile, faili la maelekezo ya make (mimi huyuhuyu), aliiweka juu ya main.o (tokeo la kukompaili main.c) kwenye orodha akidhani wa juu hutangulia. Kwa -j1 kweli hutangulia. Kwa -j8, make inaachia kazi nane kwa mkupuo, na mpangaji wa kazi wa keneli (kiini cha mfumo endeshi) hajui lolote kuhusu orodha yako. Yeye anagawa kori (viini vya prosesa) kwa aliye tayari kukimbia. Skripti inangoja diski, kompaila (inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) inakula prosesa. Kwenye chaja prosesa inapanda kasi, kompaila inafika kwenye #include (mstari unaoitisha jedwali.h) kabla skripti haijamaliza. Kwenye betri prosesa inapunguzwa kasi, diski iko vilevile, skripti inawahi. Chaja ya watu haikuwa na kosa.

Dawa ni mstari mmoja tu, main.o: jedwali.h, yaani jedwali kwanza (na .o za mafaili mengine yanayoitumia nazo ziwekwe pembeni ya main.o). Nikaongeza jingine: skripti iandike kwenye faili la muda kisha ilihamishe kwa mv, kwa sababu siku moja kompaila ilisoma jedwali lililoandikwa nusu, na kosa lililotoka halikufanana na kitu chochote.

Bwana Seva

Pole mkuu. Yangu ilitokea ofisini, kampuni siitaji. Bildi zetu ziliendeshwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine) lililopewa kori 2 na ramu GB 4, ila mashine yenyewe chini ina kori 64. Mtu aliandika make -j$(nproc). Nproc, amri inayohesabu kori, ikaona 64, ikatuletea kompaila 64 za C++ kwa wakati mmoja. Zikikutana faili nzito tatu nne, ramu inaisha, keneli inaua mmojawapo, logi inaandika "Killed" na mara nyingine kontena zima linatoka na namba 137, yaani 128 kujumlisha 9, ambayo ni ishara (signal) ya kuua mchakato. Zisipokutana, mnapata alama ya kijani na kila mtu anaendelea na chai.

Tulipoongeza ramu tukadhani yamekwisha. Yakaanza majaribio: moja lilikuwa linasubiri jibu kwa milisekunde 50, likawa linafeli ovyo. Piga hesabu hii. Kikomo cha kori 2 kwenye Linux kwa kawaida ni milisekunde 200 za prosesa katika kila dirisha la milisekunde 100. Nyuzi (kazi zinazokimbia sambamba) 64 zikikimbia pamoja zinamaliza mgao huo kwa milisekunde 3 hivi, kisha wote wanalazwa milisekunde 97. Hiyo 50 yako itapita wapi? Ukitaka ushahidi, fungua faili la cpu.stat la cgroup (sehemu ya Linux inayowekea kontena mipaka) uangalie nr_throttled, idadi ya mara mlizolazwa. Yetu ilikuwa inapanda kama mita ya bodaboda. Tukaandika -j2 kwa mkono, basi.

Mwaka wa Tatu

Wakuu mimi sina laptop, nabildi kwenye simu kwa Termux (programu ya kuandika amri za Linux kwenye Android), msinicheke. Bildi inakatika katikati, inaandika signal 9, hakuna kosa lolote la msimbo. Nimefuta na kuweka upya mara tano.

Bwana Seva

Hatukucheki mdogo wangu, wengine tulianzia intaneti kafe. Android yako ni 12 au zaidi? Kuanzia 12 mfumo unahesabu michakato watoto ya programu zote, ikizidi 32 unaanza kuua. Shusha hadi -j2 halafu utuambie.

Mwaka wa Tatu

Ni 13. Imepita. Asante sana kaka.

Fundi Ramu

Naona wote mnamwonea mpangaji wa kazi. Yeye anafichua tu uchafu wa wengine. Kipimo changu: kosa likitokea kwenye faili lilelile kila mara, kamata Makefile. Kosa likihamahama, leo faili hili segfault (programu kuanguka kwa kugusa kumbukumbu isiyo yake), kesho lile, kamata vyuma. Mimi nilikesha na memtest86+, programu ya kupima ramu, nikakuta kijiti kimoja cha ramu kibovu.

Na si ramu peke yake. Mwaka 2017 Ryzen za mwanzo (prosesa za AMD) zilikuwa zinaleta segfault kwenye Linux ukikompaili kwa kori zote, na AMD wakakubali na kuwabadilishia watu prosesa. Ukiendesha kazi moja moja huoni kitu.

Kinachonifurahisha zaidi ni cha 2016, watu wa Mono (mfumo unaotengeneza msimbo wa mashine programu ikiwa inakimbia) na simu zenye prosesa ya Samsung, Exynos 8890. Kori kubwa zilikuwa na mstari wa kashe (kipande kimoja cha kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa) wa baiti 128, ndogo 64. Programu inauliza ukubwa mara moja, inajibiwa 128, inauhifadhi. Mpangaji anaihamishia kori ndogo, inaendelea kufuta kashe kwa hatua za 128, yaani inaruka nusu, na msimbo wa zamani unabaki humo. Programu inaanguka mahali ambapo ukitazama kumbukumbu kila kitu ni sahihi.

Kibatari

Hicho cha kashe kimeniumiza kichwa, nitakisoma tena asubuhi.

Ila Fundi, kipimo chako kina tundu. Mimi nina mafaili matatu yanayotumia jedwali.h, kwa hiyo kosa langu nalo lilikuwa linahama. Ungeniuzia ramu bure.

Fundi Ramu

Haha, hapo umenikamata. Basi ongeza hiki: GNU Make kuanzia 4.4 ina --shuffle, inavuruga mpangilio wa kazi makusudi, hata kwa -j1. Ikifeli inakuachia namba kwenye kosa. Rudia --shuffle na namba hiyo, unapata mpangilio uleule. Vyuma vibovu havitakufelishia pale pale kila ukirudia.

Kibatari

Nimeijaribu sasa hivi kwenye mradi mwingine, ule ambao mteja anautumia tangu mwaka juzi na haujawahi kulalamika. Umefeli jaribio la kwanza. Nazima mashine, naenda kulala.