Je, rasimu za kiraka zihifadhiwe hata baada ya kubanwa?

Wa Nakuru: Katika mfumo wa mikopo tunaoutunza, kiraka kimoja, yaani badiliko la msimbo lililoletwa likaguliwe, kilipitia marekebisho matano kabla ya kukubaliwa, kisha mwenzetu akayabana yote kuwa badiliko moja. Miezi minne baadaye riba ilipotoka na makosa ya senti, hakuna aliyeweza kueleza kwa nini hesabu ilibadilishwa katika rasimu ya tatu. Git, programu tunayotumia kutunza historia ya msimbo, hulipatia kila badiliko kitambulisho kinachotokana na yaliyomo, mzazi wake na ujumbe wake. Ukiligusa, unapata badiliko jipya lisilo na kiungo na la zamani. Napendekeza kiungo hicho kihifadhiwe kwa hiari, kwa sababu kufuta rasimu ni kufuta ushahidi.

Wa Kisumu: Ndugu yangu, neno "ushahidi" limenichoma. Mimi hubana viraka vyangu kila siku, na sijawahi kuficha kosa. Anayekagua kazi yangu anastahili kusoma hoja iliyokomaa, si jinsi nilivyojikwaa usiku kucha. Isitoshe, Git yenyewe huziweka rasimu hizo kwa siku 90.

Wa Kakamega: Siku 90 ni za mabadiliko ambayo tawi, yaani mfululizo wa kazi ulio hai, bado linayafikia, yaliyoachwa hupewa 30 tu, na kumbukumbu hiyo hubaki kwenye kompyuta yako bila kufika kwenye seva. Noti za Git, yaani maelezo unayoambatisha kwenye badiliko, nazo hazisafiri usipoagiza. Mercurial, programu nyingine ya kazi hiyohiyo iliyoanza mwaka uleule na Git, 2005, ina kiendelezi kinachoweka alama kwamba badiliko hili limechukua nafasi ya lile, na alama hizo zaweza kupelekwa kwa wenzako.

Wa Nakuru: Dada, sikukushtaki, na kama nimekukwaza naomba radhi. Lakini rasimu iliyobaki kwenye kompyuta ya mtu aliyekwisha kuhama kazi itatufaa nini?

Wa Kisumu: Radhi nimeipokea, ila hujasema hiari hiyo ni ya nani. Mkuu wa timu akiziwasha alama hizo kwenye seva, mwanagenzi ninayemfundisha atasomewa makosa yake siku ya kupandishwa cheo.

Wa Bungoma: Basi mwenye kiraka ndiye achague rasimu za kuwekewa kiungo, na sababu ya kuacha njia fulani aiandike kwenye ujumbe wa badiliko lenyewe.

Wa Nakuru: Ujumbe wa kiraka chetu ulikuwa na maneno matatu: "Marekebisho ya riba."