Tupeane uzoefu: ulianzaje kushauri watu mambo ya kodi?

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mdogo wangu hapa Malindi yuko mwisho mwisho wa CPA, mitihani ya uhasibu, na moyo wake uko kwenye kodi. Mlioko kazini, mlianzaje? Nafungua mimi.

Nilianzia saiba (duka la intaneti) ya Maweni, nikiwajazia watu ritani za kodi kabla ya 30 Juni. Mzee mmoja nilimuuliza kama analipa kodi, akanijibu, "Kodi wanilipa mimi wapangaji." Nikacheka, nikamwekea sufuri. Miaka mitatu hivyo hivyo. Barua ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ilipomfika alinijia nayo, hana hata ukali: "Mwanangu, tumekosea wapi?" Jibu alishanipa mwenyewe siku ya kwanza, nami sikusikia. Usiku ule ndipo niliposoma sheria ya mapato ya nyumba za kupangisha: wakati huo asilimia 10 ya pango lote, hutoi gharama hata ukiezeka upya, na ni kila mwezi kufikia tarehe 20. (Tangu Januari 2024 ni 7.5.) Tulilipa kidogo kidogo, faini na riba juu. Sasa naanza na swali moja: unakula kutoka wapi?

— Langoni, Lamu: Mimi niliingilia vitabu vya nyumba za wageni kule Shela. Mwenye nyumba alinipa mkoba wa ukindu umejaa risiti, nusu zimefifia kwa joto, karatasi nyeupe tupu. Mwambie mdogo wako risiti apige picha siku ile ile. Na tangu 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki ya KRA, ni kazi kuitetea. Samaki na kamba twanunua kwa wavuvi pwani, ankara hawana. Hapo ndipo ushauri wangu ulipoanza kulipwa, kwa kukaa na mteja kabla hajanunua.

— Watamu: CPA pekee haitoshi kusimama mbele ya KRA kwa niaba ya mtu. Wakala wa kodi hupewa leseni, chini ya Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015. Mimi nilikaa kwanza chini ya mhasibu mwenye leseni, mshahara mdogo, lakini niliona pingamizi zinavyoandikwa: siku 30 tangu kupokea makadirio ya kodi ya KRA, zikipita umechelewa.

— Maweni tena: Shukran dada, shukran kaka. Huyo mhasibu wako, bado anachukua wanafunzi?