Dashibodi za tarakimu zimenichosha, nirudishieni mishale

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Gari langu dogo la kutoka Japani, lenye dashibodi ya tarakimu badala ya mishale, lilizimika kioo chote nikiwa njiani kutoka Morogoro kwenda Iringa, kabla sijafika Ruaha Mbuyuni. Injini ilinguruma kama kawaida, taa za mbele ziliwaka na redio iliendelea kuimba, lakini mbele yangu palikuwa peusi tii: sikuona mwendo, mafuta, wala alama ya gia niliyoweka.

Nikaupanda Mlima Kitonga hivyo hivyo, nyuma ya malori yaliyosheheni, bila kujua kama maji ya injini yanachemka. Nilipoingia eneo la makazi lenye kibao cha 50, ilinibidi nijibanze nyuma ya kosta na kuiga mwendo wake, kwa sababu askari mwenye tochi ya kupima mwendo hana muda wa kusikiliza habari za kioo kilichozimika, na faini ni shilingi 30,000 zile zile.

Katika magari ya zamani, spidi mita iliendeshwa na waya uliotoka kwenye gia boksi, hivyo hata ikifa, geji ya mafuta na ya joto ziliendelea kufanya kazi. Hizi za kwetu zinakufa kwa pamoja.

Hata kioo kikiwa kizima, sioni nilichopata. Mshale wa joto ukianza kupanda kutoka mahali pake pa kila siku, dereva anauona kwa kuutupia jicho tu, anapunguza mwendo au anaegesha mapema. Gari langu halina mshale huo. Lina taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka, na kati ya hizo mbili ni kimya. Yaani napewa taarifa ya msiba, siyo ya ugonjwa. Nakiri kwamba tarakimu ya mwendo ni rahisi kusoma tochi inapokaribia, lakini ndiyo faida pekee ninayoikumbuka.

Kilichoniudhi kuliko yote ni matengenezo. Fundi umeme aliniambia kwamba huenda lehemu za saketi nyuma ya kioo zimepasuka kwa joto la miaka mingi, jambo linaloweza kurekebishwa, ila yeye hana vifaa. Muuza spea akasisitiza ninunue dashibodi nzima ya mtumba. Nilipoiwasha, ikaonyesha kilomita 203,000, wakati gari langu lilikuwa na 118,000, kwa kuwa hesabu hiyo huhifadhiwa ndani ya dashibodi yenyewe. Siku nikitaka kuuza gari, nimwambie nini mnunuzi?

Wala tatizo si geni. Aston Martin, kampuni ya magari ya Uingereza, walipoonyesha Lagonda yao ya dashibodi ya tarakimu mwaka 1976, vifaa vyake vya elektroniki viliwasumbua kiasi kwamba wateja walisubiri miaka kabla ya kupata magari yao, na hilo lilikuwa gari la matajiri.

Dashibodi ya mtumba nimeirudisha dukani, na nusu ya fedha zangu wamekataa kunirejeshea. Je, kuna yeyote kati yenu aliyerudishia lehemu kioo chake cha zamani, kikawaka, na kilomita zake zikabaki zilivyokuwa? Nielekezeni kwa fundi huyo, hata kama yuko Mbeya.