Mjadala: Mauaji ya Whitechapel 1888. Kabla ya kumtaja muuaji, tujibu kwanza maswali haya

Wakuu, kila baada ya muda inazuka habari kwamba Jack the Ripper, jina alilopewa muuaji wa Whitechapel, hatimaye amejulikana. Jina linatajwa, picha ya zamani inasambaa, halafu baada ya miaka michache linakuja jina jingine. Nauleta mjadala huu nikiwa na msimamo kabisa: tunagombania swali la mwisho wakati maswali ya mwanzo hayajajibiwa. Katika wote waliotajwa mpaka leo sioni ambaye ushahidi dhidi yake ungesimama mahakamani, na kushupalia kwamba fulani ndiye ni kumwangushia marehemu jumba bovu.

Kwa ambaye hajaifuatilia kesi hii: Whitechapel ipo mashariki mwa London, na mwaka 1888 ilikuwa imefurika mafukara, vibarua, na Wayahudi waliokimbia mateso Ulaya Mashariki. Wanawake watano ndio wanaotajwa kila mahali: Mary Ann Nichols (31 Agosti), Annie Chapman (8 Septemba), Elizabeth Stride na Catherine Eddowes (usiku mmoja, 30 Septemba), na Mary Jane Kelly (9 Novemba). Wote walikatwa koo, wanne wakapasuliwa mwili, watatu wakakutwa baadhi ya viungo vya ndani havipo. Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Hata hilo jina la Jack the Ripper lilitoka kwenye barua ya wino mwekundu iliyotumwa kwa shirika la habari la Central News Agency mwishoni mwa Septemba, na wakubwa wa polisi wa wakati ule waliamini barua hiyo ni kazi ya mwandishi wa habari.

Sasa tuanze na hesabu. Nani alisema ni watano? Jalada la polisi lina mauaji 11, kuanzia Aprili 1888 hadi Februari 1891. Hao watano waliunganishwa na Dk. Thomas Bond, daktari wa polisi, mnamo Novemba 1888, naye mwili aliouchunguza mwenyewe katika hao ni wa Kelly tu; wengine wanne alisoma maandishi ya wenzake. Kisha mwaka 1894 Melville Macnaghten akaandika waraka wa ndani akisema ni watano na watano pekee. Huyu bwana aliingia polisi mwaka 1889, mauaji yale yameshapita. Martha Tabram, aliyechomwa visu mara 39 mtaa wa karibu tarehe 7 Agosti, akaachwa nje ya hesabu kwa sababu hakukatwa koo kama wenzake. Na hapo ndipo panaponishinda: Tabram anatolewa kwa kutofanana na wengine, lakini Stride, ambaye naye hafanani, anabaki.

Mwangalieni Stride vizuri. Alikatwa koo, basi. Sehemu nyingine ya mwili haikuguswa. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Louis Diemschutz aliingia kwenye ua alimouawa Stride na mkokoteni wake wa farasi saa 7 usiku, akamkatiza muuaji. Inawezekana. Lakini Israel Schwartz, mhamiaji kutoka Hungary aliyezungumza na polisi kupitia mkalimani, alisema robo saa kabla ya hapo alimwona mwanamume akimvuta na kumwangusha Stride chini palepale langoni, barabarani, na mtu wa pili amesimama jirani. Je, huyo ndiye muuaji aliyemuua Chapman nyuma ya nyumba namba 29 Hanbury Street, nyumba iliyojaa wapangaji, bila kumwamsha hata mmoja? Na kwa nini Schwartz, shahidi mkubwa kiasi hicho, hakuitwa kutoa ushahidi kwenye uchunguzi wa kifo cha Stride? Sijawahi kuona jibu la kuridhisha. Binafsi naamini Stride aliuawa na mtu mwingine. Wanaopinga nawakaribisha, ila mje na zaidi ya “alikatizwa”.

Swali linalonisumbua kuliko yote linahusu kipande cha aproni. Usiku uleule Eddowes alikuwa ameshikiliwa kituo cha polisi cha Bishopsgate kwa ulevi. Aliachiwa saa 7 usiku. Saa 7:30 askari Edward Watkins alipita doria Mitre Square, hapakuwa na kitu. Aliporudi kama robo saa baadaye, maiti ya Eddowes ilikuwa pale, uso umechanwa, figo moja na sehemu ya mfuko wa uzazi havipo. Kipande cha aproni yake kilikuwa kimekatwa na kuchukuliwa. Kikaja kupatikana saa 8:55, kina damu, kwenye mlango wa jengo la wapangaji pale Goulston Street, mwendo wa dakika chache tu kutoka Mitre Square.

Sasa fuateni saa. Askari Alfred Long, aliyekiokota, aliapa kwamba alipita mahali pale saa 8:20 na kipande hakikuwepo. Mpelelezi Daniel Halse alipita mtaa huohuo karibu muda uleule, naye hakuona kitu. Kama wanasema kweli, basi muuaji alikaa zaidi ya nusu saa mahali fulani, polisi wametapakaa kila kona, halafu akatoka tena mtaani akiwa na kitambaa cha damu mkononi. Alikuwa wapi? Mtu wa namna hiyo ana chumba jirani, amenawa, pengine amebadili na nguo. Hilo linawaondoa wakubwa wa mbali wanaopendwa na wapenda njama, maana hawakuwa na pa kujificha pale. Lakini kama Long alipitwa tu, akakikosa kile kitambaa gizani, hoja yote inaanguka. Na Long mwaka uliofuata alifukuzwa kazi kwa ulevi kazini. Hukumu yangu ni kwamba Halse ndiye anayembeba Long, ingawa naye alikiri kwamba huenda angekipita bila kukiona. Ndivyo ushahidi wa kesi hii ulivyo, unakubeba hadi mlangoni halafu unakuacha.

Juu ya kitambaa hicho, ukutani, palikuwa na maandishi ya chaki yakiwataja Wayahudi na lawama. Sir Charles Warren, kamishna wa polisi wa London, alifika mwenyewe akaamuru yafutwe saa 11:30 alfajiri, kabla ya kupigwa picha. Hofu yake ilikuwa ghasia: wiki chache nyuma mshonaji viatu Myahudi, John Pizer, alikamatwa kwa uvumi, akathibitika hana hatia, na mitaa ilikuwa imechemka. Hofu hiyo siibezi hata kidogo; watu wasio na hatia wangeweza kuuawa asubuhi ile. Lakini maafisa walipendekeza yafunikwe, au lifutwe neno moja tu, au mstari wa juu peke yake. Warren alikataa yote. Leo hatuna hata maneno kamili, kwa sababu nakala ya Long na ya Halse hazilingani.

Kufuta kule si kosa la kwanza. Mwili wa Nichols ulivuliwa nguo na kuoshwa mochwari na watu wawili waliokuwa wakiishi nyumba ya maskini, kabla daktari hajaufanyia uchunguzi kamili. Polisi walidai walikataza. Waliouosha wakasema hawakuambiwa. Halafu tunataka teknolojia ya leo itupatie jibu!

Ndiyo maana hadithi ya mtandio na vinasaba inanikera. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba mtandio unaodaiwa kuwa wa Eddowes umemtambua Aaron Kosminski, kinyozi Myahudi kutoka Poland. Orodha ya polisi ya vitu alivyokutwa navyo Eddowes ipo mpaka leo: vikopo vya chai na sukari, kipande cha sabuni, kitana, sindano na pini, vitambaa vyeupe 12, risiti za rehani. Ni mali yake yote duniani, imeandikwa kitu kwa kitu. Mtandio ule haumo. Na vinasaba vilivyopimwa ni vile vya upande wa mama, ambavyo maelfu ya watu wanaweza kuwa navyo kwa pamoja. Mtu hafungwi kwa hilo.

Wengine wanamtetea Kosminski kama mshukiwa kwa maneno ya polisi wenyewe. Ni kweli, Macnaghten alimtaja, na Chief Inspector Swanson aliandika jina hilo pembeni ya kitabu cha kumbukumbu za bosi wake, akisema shahidi Myahudi alimtambua lakini akakataa kutoa ushahidi. Lakini Swanson akaongeza kwamba mshukiwa alikufa muda mfupi baadaye, wakati Aaron Kosminski aliishi hospitali ya wagonjwa wa akili hadi 1919. Na Joseph Lawende, Myahudi aliyemwona mtu akiwa na Eddowes dakika chache kabla ya kifo chake, alisema mwanzoni kabisa kwamba haamini angeweza kumtambua tena. Macnaghten huyohuyo alimshuku zaidi Montague Druitt, akamwita daktari wa miaka 41. Druitt alikuwa wakili na mwalimu, wa miaka 31. Inspekta Abberline, aliyezunguka mitaa ile mwenyewe, alimshuku George Chapman, aliyenyongwa 1903 kwa kuwaua wanawake kwa sumu. Wakubwa watatu, majibu matatu.

Kuna jambo lingine naomba tuliheshimu. Huwa inasemwa kirahisi “makahaba watano”, na nadharia nyingi za sababu ya muuaji zinasimama juu ya neno hilo. Msimamizi wa nyumba aliyokuwa akilala Eddowes alisema hakuwahi kumjua kama mwanamke wa kujiuza. Nichols alitolewa nje ya nyumba ya kulala usiku ule kwa kukosa peni 4 za kitanda, akaondoka akiwa amejivunia kofia yake mpya. Annie Chapman naye alikosa peni zake za kitanda. Inawezekana kabisa muuaji alichagua waliokosa pa kulala, hakuchagua kazi yao. Kelly peke yake ndiye aliyekuwa na chumba, na ndiye aliyeharibiwa vibaya kuliko wote. Mbona hilo halijadiliwi?

Kwa hiyo wadau, majina ya washukiwa tuyaweke pembeni kwanza. Nataka mnijibu mawili: Stride anabaki kwenye hesabu kwa ushahidi upi, na kati ya saa 7:45 na saa 8:55 kipande kile cha aproni kilikuwa wapi? Anayemwamini Long aseme muuaji aliingia wapi. Asiyemwamini atueleze Halse naye alipitwaje.