Jiji kubwa kuliko yote duniani: kabla hujataja jina, taja mpaka

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana kila likiibuka watu hurushiana tarakimu kama mawe na hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Kilichonisukuma kuandika ni ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu miji, iliyotoka Novemba 2025. Kwa miaka mingi tumezoea kusoma kwamba Tokyo ndiyo inayoongoza. Toleo la 2018 liliipa watu milioni 37, huku Jakarta ikiwa mbali nyuma na watu milioni 10 na ushee. Toleo jipya limeipandisha Jakarta kileleni kwa karibu milioni 42, Dhaka inafuata kwa karibu milioni 37, na Tokyo imeshuka hadi nafasi ya tatu ikiwa na milioni 33. Sasa kuna wanaodai Jakarta imefurika watu milioni 30 ndani ya miaka saba, na kuna wanaodai takwimu zimepikwa. Nawapinga wote. Wengi wa watu hao walikuwepo siku zote, katika nyumba zile zile. Kilichobadilika ni pale mstari ulipochorwa.

Hapo awali ripoti hiyo ilipokea tafsiri ya kila nchi kuhusu jiji linaishia wapi, kama ilivyo. Jakarta ikahesabiwa kwa mpaka wa mkoa wa mji mkuu peke yake, ingawa Bogor, Depok, Tangerang na Bekasi zimeungana nayo kiasi kwamba msafiri hajui ametoka wapi kaingia wapi. Tokyo, kwa upande wake, ilihesabiwa pamoja na miji ya mikoa jirani. Yaani tulikuwa tunampima mmoja akiwa na viatu na mwenzake pekupeku, halafu tunatangaza nani mrefu.

Njia mpya, ambayo Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa iliikubali mwaka 2020, haimuulizi meya wala waziri. Dunia inagawanywa katika miraba ya kilomita moja kwa kilomita moja. Miraba yenye watu 1,500 au zaidi kila mmoja, ikigusana na jumla yake ikafika watu 50,000, hilo ni jiji. Kipimo ni hicho hicho kila nchi.

Msimamo wangu ni huu: orodha yoyote ya majiji makubwa inayofuata mipaka ya kiutawala haifai kulinganisha chochote, na tuache kuisambaza.

Chukueni Chongqing ya Uchina. Sensa ya 2020 iliipa watu milioni 32, na kwa namba hiyo wengi wanaitangaza kuwa jiji kubwa kuliko yote. Lakini eneo lake ni kama kilomita za mraba 82,000, karibu sawa na nchi nzima ya Austria. Ndani yake kuna milima, mashamba, na miji mingine inayojitegemea kabisa. Huo ni mkoa ulioitwa jiji. Paris ni kinyume chake: mpaka wa manispaa umebana kilomita za mraba 105 tu, na ndani yake wako watu milioni 2 na kidogo. Ukifuata majengo yalivyoungana, kama idara ya takwimu ya Ufaransa inavyofanya (jengo na jengo yasiachane zaidi ya mita 200), unapata watu zaidi ya milioni 10. Je, Chongqing ni mara 15 ya Paris? Hakuna mtu aliyefika kote kuwili atakayekubali.

Mfano ninaoupenda zaidi uko Marekani, kwa sababu ni nchi moja, sensa moja, mwaka mmoja. Mwaka 2020 Jacksonville ilikuwa na watu karibu 950,000, Atlanta karibu 499,000. Kwa orodha, Jacksonville ni kubwa karibu mara mbili. Sababu ni kwamba mwaka 1968 Jacksonville iliunganishwa na kaunti yake, ikameza vitongoji na mapori. Atlanta haikufanya hivyo. Hesabu vitongoji vya pande zote mbili, na Atlanta inapita milioni 6 wakati Jacksonville inabaki milioni 1.6 hivi. Uamuzi mmoja wa kisiasa umegeuza nafasi zao.

*

Nimerudi kujibu hoja mbili zilizotolewa hapa.

Hoja ya kwanza: mpaka wa kiutawala ndio wa kweli, kwa sababu ndio wenye baraza, kodi na bajeti. Nakubali kwamba kwa kupiga kura na kugawa fedha hakuna mbadala. Lakini hata katika bajeti namba hiyo hudanganya. Ile City of London, kitovu cha kale chenye eneo la chini ya kilomita 3 za mraba, ilikuwa na wakazi karibu 8,600 kwa sensa ya 2021, ilhali wanaofanya kazi humo ni zaidi ya laki tano. Treni, mabomba ya maji taka, zimamoto: vyote lazima vitoshe kwa watu wa mchana, na hao hawamo katika hesabu ya wakazi. Mwenye kupanga huduma kwa mpaka wa utawala anapanga kwa ajili ya watu wa usiku peke yao.

Na mpaka ukishakuwa na fedha, hesabu yenyewe inakuwa vita. Nigeria mwaka 2006 sensa ya taifa iliipa jimbo la Lagos watu milioni 9.1, nyuma kidogo ya Kano yenye milioni 9.4. Serikali ya jimbo la Lagos ilifanya hesabu yake na kupata milioni 17.5. Mgao wa mapato ya taifa huangalia idadi ya watu, kwa hiyo hakuna upande uliokuwa tayari kurudi nyuma. Tofauti ya milioni 8, mahali pale pale, mwaka ule ule.

Hoja ya pili imeniuma, kwa sababu ni ya kweli: miraba nayo inategemea sensa. Setilaiti huona mapaa, haioni watu wangapi wamelala chini ya paa moja. Mahali ambapo sensa ni ya zamani, hesabu ya miraba ni kukisia kulikopangwa vizuri zaidi. Kinshasa ndiyo inayonisumbua. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, na mkoa wa Kinshasa una karibu kilomita za mraba 10,000, sehemu kubwa ikiwa ni mashamba na nyika. Hatuna hesabu mpya ya watu, na mpaka hautusaidii. Miraba inaweza kutibu kosa la mpaka, haiwezi kutibu kosa la kutohesabu. Kwa hiyo, katika ule ubishi wa Cairo, Lagos na Kinshasa nani mkubwa Afrika, sitaipa Kinshasa namba yoyote, na atakayeipa nitamuuliza kwanza ameitoa kwenye sensa ipi.