Naomba ushauri: nitajuaje umbali wangu halisi wa kupiga mshale?

Wakuu habarini, nipo huku Sikonge, Tabora. Upinde nimeanza mwaka jana, huu wetu wa mti, hauna cha kulengea wala nini, ni jicho na mkono tu. Kibali ninacho kwa hiyo hilo msinihoji hahaha.

Shida iko hivi, nyumbani nimejaza gunia majani makavu nikachora duara saizi ya kisosi, hatua 15 mishale mitano yote ndani, hatua 20 inaingia mitatu au minne, 25 hapo bahati nasibu. Nikajiona nipo fiti kwa 20. Juzi funo (yule swala mdogo wa vichakani) kasimama pembeni ya kichuguu, kama hatua 18 hivi, mimi nimechuchumaa, mkono unatetemeka, nikaachia kabla ugwe (kamba ya upinde) haujafika shavuni na yule mnyama kusikia tu mlio karuka, mshale ukapita chini ya tumbo ukakita kwenye mzizi. Afadhali nilikosa kabisa kuliko kumtoboa tumbo akafie mbali huko.

Babu anasema nihesabu mshale wa kwanza tu wa asubuhi, mwili bado wa baridi, hiyo mingine ni kujifurahisha. Kwa hesabu hiyo mimi ni hatua 12 tu ndo sikosi. Sasa hatua 12 kwenye miombo kiangazi hiki, majani yanalia kila ukikanyaga, unamfikiaje mnyama jamani? Nibaki na 12 nivizie njia ya maji au? Na nyie mnakadiriaje hatua porini bila kupima, maana mimi kwenye uwazi huwa naona karibu kumbe mbali.