Kwenda Ssese tukiwa sita: meli ya Nakiwogo au kivuko cha Bukakata?

Msafiri wa Ntinda
Ndugu wanachama, salamu kwenu. Tuko marafiki sita wa Kampala, na mwishoni mwa mwezi tunataka kukaa siku tatu katika kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote kati ya visiwa 84 vya Ssese katika Ziwa Victoria. Wenzangu watatu wanataka tutembee Entebbe asubuhi nzima, kisha tupande meli ya MV Kalangala pale Nakiwogo, gati la Entebbe, saa nane mchana. Wawili waliobaki, ambao wana gari, wanaona ni afadhali kupitia Masaka na kuvuka kwa kivuko kutoka Bukakata hadi Luuku, kulekule Bugala. Mimi ndiye niliyeachiwa uamuzi, na sitaki safari ianze kwa manung'uniko. Naomba ushauri wa waliozipita njia zote mbili.

Mwalimu wa Entebbe
Ndugu yangu, kwa kundi la marafiki mimi huichagua MV Kalangala, kwa sababu mnakaa pamoja tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Ni takriban saa tatu na nusu hadi Lutoboka, gati la Bugala, na katika muda huo mtu anaweza kusimama ukingoni mwa meli akiutazama mji wa Entebbe ukififia, akazungumza na watu wa visiwani wanaorudi kwao na magunia yao, na bado akafika kabla jua halijazama.

Hata hivyo, asubuhi yenu ndiyo itakayoitengeneza safari au kuiharibu. Mwaka jana niliongozana na wageni watano. Tulianzia Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898 na inayoteremka hadi kwenye maji, tukasahau saa chini ya miti ile mikubwa, na tulipofika Nakiwogo tiketi zilizobaki hazikututosha. Wawili wetu walibaki gatini wakitupungia mkono, na uchungu ule haukuniacha hadi kisiwani. Tangu siku hiyo nafanya kinyume: naenda Nakiwogo kwanza kushughulikia tiketi za watu wote, ndipo narudi mjini kwa bodaboda, na ifikapo saa saba niko gatini tena. Chakula cha mchana kuleni palepale mwaloni, kwa kuwa sato wa pale hukaangwa akiwa ametoka majini karibuni.

Binti wa Masaka
Kaka, naomba nao wenye gari wasikilizwe. Kivuko cha Bukakata hakitozi nauli, huvuka kwa muda usiofika saa moja, na hufanya safari kadhaa kwa siku, kwa hiyo mkichelewa kimoja mnasubiri kinachofuata, ilhali ukiikosa meli ya Nakiwogo umeipoteza siku nzima. Ugumu wake ni urefu wa barabara: kutoka Kampala mtavuka ikweta pale Kayabwe, mfike Masaka, mteremke hadi ziwani, na mkishashuka Luuku bado mna mwendo wa kupita mashamba ya michikichi kabla ya mji wa Kalangala. Tena mwisho wa juma foleni ya magari huwa ndefu. Mkiondoka Kampala alfajiri mtafika bila haraka.

Mzee wa Kasenyi
Wanangu, kuna pia mashua za mbao zenye injini zinazotoka mwalo wa Kasenyi karibu na Entebbe, ambazo wengine watawashawishi kuzipanda kwa kuwa haziwalazimu kusubiri saa nane. Msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, wala chombo ambacho hakina jaketi okozi kwa kila abiria. Mnamo Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama katika ziwa hili upande wa Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa, nao walikuwa marafiki waliotoka kufurahi kama ninyi.

Msafiri wa Ntinda
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Nimeamua tugawanyike: wenye gari wapitie Bukakata, kwa sababu gari litatufaa tukiwa kisiwani, nasi wanne tupande meli, kisha watupokee Lutoboka jioni. Mwalimu, tukiwa bustanini mizigo yetu tuiache wapi?

Mwalimu wa Entebbe
Mizigo mikubwa wapeni wenye gari tangu Kampala. Ninyi bebeni maji, sweta ya upepo wa jioni, na vitambulisho vyenu.